Aliyesomeshwa na Wengi ni wa Nani?



Mwezi huu twataka kulitafakari pamoja nanyi swali moja tuliloulizwa na wazee wa usharika mmoja wa upande wa Handeni. Swali lenyewe ni fupi, lakini kulijibu si kazi nyepesi, nasi siku ile tulipoulizwa tulinyamaza. Waliuliza hivi: Mtu aliyesomeshwa na wengi, ni wa nani?

Habari yenyewe ni hii. Miaka kadhaa iliyopita usharika ule ulimsaidia kijana mmoja, mwana wa mjane, mwenye akili na adabu njema. Alipokwisha kumaliza chuo kikuu aliomba kuendelea na shahada ya pili, ajifunze mambo ya uongozi na maendeleo ya vijiji. Wazee wakafurahi, wakasema, "Huyu atarudi kutuongoza." Basi sadaka ya mavuno ikatengwa kwa ajili yake, majogoo, mihogo na madebe ya mahindi yakanadiwa nje ya kanisa baada ya ibada. Nanyi mwazijua mvua za Handeni, jinsi zilivyo haba. Watu walitoa huku ghala zao wenyewe zikiwa nusu. Kijana akasoma, akashinda, akapata kazi nzuri Dar es Salaam, wala hakurudi.

Kisha binti mmoja wa usharika ule ule, mwalimu wa shule ya msingi, akaomba msaada kama ule ule. Hapo wazee wakagawanyika. Wengine walisema, "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka; hatutoi tena." Wengine wakasema si haki binti kupigwa fimbo ya kosa la mwenzake. Ndipo wakatuletea sisi swali lile, ili tuamue.

Wako wajibuo upesi kwamba elimu ni deni. Aliyepewa na arudishe. Jibu hili lina watetezi wakubwa. Mwalimu Julius Nyerere, ambaye mwenyewe alisoma Makerere kisha Edinburgh, alilieleza jambo hili mwaka 1964 kwa mfano ambao wengi wenu mwaukumbuka: msomi ni kama mtu wa kijiji chenye njaa aliyepewa chakula chote kilichosalia, apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenziwe chakula. Akikila kisha asirudi, amewasaliti ndugu zake. Na mwezi wa Oktoba mwaka 1966, wanafunzi wa chuo kikuu pale Dar es Salaam walipoandamana kuyapinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, aliwarudisha makwao zaidi ya 300, akatangaza pia kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa sehemu moja ya tano. Hivyo hakuwadai vijana jambo asilojidai mwenyewe.

Sisi wa Handeni hatuhitaji kuelezwa maana ya kijiji chenye njaa. Kwa hiyo mfano ule hutuchoma moyo, nasi twakubali kwamba una kweli ndani yake. Lakini na tulipime neno hili "deni". Deni hulipwa likaisha. Je, kijana yule akituletea kesho bei ya majogoo yote na mahindi yote, pamoja na faida yake, tutasema kwamba sasa yamekwisha kati yetu? Tuliwauliza wazee, nao wakatikisa vichwa, wakasema, "La, Mchungaji. Hatukutaka fedha yake. Tulimtaka yeye." Basi kumbe tulichokidai hakikuwa deni. Maana deni la fedha lina mwisho, bali deni lisilokwisha kamwe, deni la mtu mwenyewe, jina lake ni utumwa. Wala mtu hanunuliwi kwa mahindi. Sisi Wakristo twakiri kwamba tumekwisha kununuliwa mara moja, kwa bei kubwa, na Mwenye kutununua ni mmoja tu.

Na nchi yetu yaujua utumwa. Katika karne ya 19, njaa ilipokuwa kali, Wazigua wengi walichukuliwa toka pwani hii wakapelekwa Somalia, wakatumikishwa katika mashamba. Kamba iliwafunga kule, lakini haikuweza kuwageuza mioyo. Wajukuu wao katika bonde la mto Juba waliendelea kusema Kizigua kizazi baada ya kizazi, pasipo shule ya kuwafundisha lugha hiyo na pasipo kitabu. Vita vya Somalia vilipowatawanya, baadhi yao walirudi wakiwa wakimbizi, na tangu mwaka 2003 wakapewa makao Chogo, papa hapa Handeni. Na mwaka 2014 wengi wao walipokea uraia wa nchi hii. Ni nini kilichowarudisha? Hakuna mkataba uliowafunga. Walirudishwa na lugha ya mama na kumbukumbu ya nyumbani. Basi ikiwa twataka wasomi wetu warudi, na tujiulize kwanza kama tumewapa kumbukumbu ya kuwarudisha, kabla ya kutafuta kamba ya kuwavuta.

Wako na wajibuo kinyume. Husema kwamba elimu ni mali ya aliyeisoma. Ni yeye aliyekesha mbele ya koroboi, ni yeye aliyetetemeka katika mtihani. Basi na ale matunda ya jasho lake, mahali popote apendapo. Jibu hili lapendwa sana siku hizi, hasa mijini. Lakini nalo halisimami. Mafuta ya koroboi ile yalinunuliwa na nani? Na nani aliyelima peke yake shamba la mama wakati kijana yuko darasani? Ni nani aliyelipa kodi iliyojenga chuo? Hakuna mtu asomaye peke yake. Hata mwizi aweza kutoa jasho. Kwa hiyo jasho peke yake halimfanyi mtu kuwa mwenye mali.

Baba yetu katika imani, Martin Luther, aliliona jambo hili mapema. Mwaka 1524 aliwaandikia wakuu wa miji yote ya Ujerumani akiwaonya waanzishe shule, maana, alisema, utajiri wa mji hautokani na kuta na silaha na nyumba nzuri, bali watokana na watu wake waliofundishwa vema. Na mwaka 1530 aliandika tena kuwahimiza wazazi wasiwatoe watoto shuleni kwa tamaa ya faida ya upesi, kwa kuwa kanisa lataka wachungaji na nchi yataka waamuzi, waandishi na waganga. Tazameni: katika maneno yake yote mtoto hasomi ili ajikweze. Asoma kwa sababu iko kazi inayomngoja, na kazi hiyo ni ya kumfaa jirani. Hilo ndilo twaliita wito.

Basi, kama elimu si deni wala si mali, ni nini? Twaona ni amana. Bwana wetu alitoa mfano wa watumwa waliokabidhiwa talanta na bwana wao alipokuwa akisafiri. Aliyekabidhiwa amana haruhusiwi kusema, "Ni yangu," wala haruhusiwi kuifukia chini. Apaswa kuitumia kwa faida, na siku moja atatoa hesabu. Lakini hesabu ile atamtolea bwana wake, wala si mtumwa mwenzake. Neno hili lamwonya msomi, kwa kuwa hawezi kumficha Mungu kitu. Lakini latuonya na sisi tuliomsomesha, kwa kuwa sisi nasi ni watumwa wenzake, na sisi nasi tulikabidhiwa amana. Yeye ndiye tuliyekabidhiwa.

Kwa sababu hiyo hatukutaka kuamua kabla ya kumsikia. Tulipokwenda Dar es Salaam kwa shughuli za kanisa tulimtafuta. Alitupokea kwa heshima, akatuandalia chakula, na baada ya chakula akatuambia jambo ambalo wazee hawakutuambia. Alisema, "Mchungaji, mimi nilirudi."

Alirudi mara moja, mara tu baada ya kupata shahada yake. Akahudhuria baraza la wazee, akasimama akashauri kwamba hesabu za fedha zisomwe mbele ya watu wote kila baada ya miezi mitatu, na kwamba vijana na wanawake wapewe nafasi ya kuuliza. Mzee mmoja akamjibu, "Wewe mtoto wa juzi, nani amekuita uje kutuhukumu?" Wengine wakacheka. Asubuhi yake akapanda basi.

Tukamwuliza, "Nawe uliingiaje katika baraza lile?" Akainama kitambo, kisha akasema kweli. Alikuwa na siku mbili tu tangu kufika. Hakuwa amezunguka nyumbani kwa wazee kuwasalimu. Alisimama wa kwanza, akasema Kiswahili cha vitabuni mbele ya watu waliozoea kusemezana Kizigua, akaanza na makosa yao kabla ya kuuliza habari zao.

Wasomaji wapenzi, mwaikumbuka habari ya Musa. Yeye naye alisomeshwa katika nyumba kubwa, akafundishwa hekima yote ya Wamisri. Siku alipotoka kuwatazama ndugu zake alikuwa na nguvu na elimu na huruma, navyo vyote havikumfaa kitu. Alimpiga Mmisri, na kesho yake alipotaka kuwapatanisha Waebrania wawili, mmoja akamwuliza ni nani aliyemfanya mkuu na mwamuzi juu yao. Akakimbia. Ndipo Mungu akamtia katika shule ya pili. Kwa miaka 40 alichunga kondoo za Yethro kule Midiani, akajifunza njia za jangwani na visima vyake, akajifunza mwendo wa kondoo mnyonge. Hatusomi kwamba Mungu aliifuta elimu ya Misri. Alihitaji mtu ajuaye namna ya kusema mbele ya Farao. Lakini shule ya kwanza pasipo ya pili ilizaa mauaji na kukimbia.

Tazameni pia Nehemia. Alikuwa mtu mkubwa katika jumba la mfalme wa Uajemi, akarudi Yerusalemu na barua za mfalme mkononi. Hata hivyo alikaa siku tatu kabla ya kufanya neno lo lote, kisha akaondoka usiku, na watu wachache pamoja naye, akaukagua ukuta uliobomoka, wala hakumwambia mtu shauri lake. Alitazama kwanza kwa macho yake. Ndipo akasema, "na tujenge", akijihesabu mmoja wao.

Labda mtu atasema, "Kama ndivyo, shule ya pili yatosha. Mababa zetu waliongoza sharika pasipo shahada." Ni kweli kwamba waliongoza. Wamisionari wa Betheli walifika Tanga na Usambara tangu mwaka 1890. Lakini vita vya 1914 hata 1918 vilipokwisha wamisionari Wajerumani waliondolewa nchini, na vita vya 1939 vilipoanza wakatiwa kizuizini. Mara zote mbili kanisa halikufa. Walimu wa Injili, wenye Biblia moja na kitabu cha nyimbo, walibatiza, walifundisha, walizika na kupatanisha. Lakini tusiwatumie mababa wale kuutetea uvivu wetu. Wao katika siku zao ndio waliokuwa wamesoma kuliko wote vijijini mwao. Walipoona kwamba elimu waliyo nayo haitoshi kwa mzigo uliokuja, hawakusema, "Inatosha." Mwaka 1947 chuo cha kuwafundisha wachungaji kilianzishwa Lwandai, huko Usambara, na mwaka 1954 kikahamia Makumira, ambako leo pana chuo kikuu. Na mwaka 2007 dayosisi yetu ilifungua Lushoto chuo chenye jina la Askofu Sebastian Kolowa, na kazi iliyotangulizwa mbele ni kuwaandaa walimu wa watoto wenye ulemavu, watoto ambao majumbani mwetu walikuwa wakifichwa. Elimu ya juu ya namna hiyo haianzi kwa kuuliza, "Ni shahada gani yenye cheo?" Yaanza kwa kuuliza, "Ni nani hapa kwetu anayelia, na hatujui kumsaidia?"

Na kilio cha siku zetu chaonekana wazi. Tangu mwezi wa Juni mwaka 2022 watu wengi, wafugaji wa Kimasai, walihamishiwa Msomera, hapa Handeni, toka Ngorongoro. Hatuandiki haya ili kuhukumu shauri la kuhamishwa kwao. Jambo hilo limesemwa na wengi na kwa uchungu mwingi. Twasema hili tu: leo Mzigua na Mmasai wanaokaa jirani wahitaji kuelewana juu ya shamba, malisho na maji. Mambo ya ardhi ya kijiji husimamiwa kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na ndani yake halmashauri ya kijiji ina kazi zake, na mkutano mkuu wa kijiji una neno lake. Je, ni nani atakayeisoma sheria hiyo kwa makini, akaitazama na ramani, akawaeleza watu kweli yake? Asiyesoma atashindwa na karatasi. Lakini aliyesoma tu, asiyejua ng'ombe hupita njia gani wakati wa kiangazi, wala mzee yupi asiposalimiwa mkutano hauanzi, atachora mpaka juu ya njia ya maji, na mpaka huo utaleta fimbo na mapanga. Twahitaji watu waliopita katika shule zote mbili. Twawahitaji kati ya Wazigua na kati ya Wamasai. Twawahitaji Korogwe pia, kwenye mashamba ya mkonge, ambako watu wa makabila mengi walikutanishwa na kazi na wazee wa jadi ya kuwaunganisha hawakuwako.

Basi tuliporudi tuliwakusanya wazee wale tukawapa jibu letu. Tuliwaambia hivi. Kijana yule si wenu, wala si wake mwenyewe. Ni amana ya Mungu, naye amekosa katika amana hiyo, kwa kuwa alikata tamaa upesi, akaliita kosa la siku moja kuwa sababu ya miaka yote. Lakini nanyi mmekosa. Mlitoa mahindi, mkakataa kutoa kiti. Mlitaka arudi mtu mwenye elimu, lakini mlitaka arudi asibadilishe kitu. Hamwezi kumtuma mtu akachote maji, kisha akirudi na ndoo mkamwambia mlango umefungwa.

Mzee mmoja akasema, "Mchungaji, umesema maneno magumu." Tukamjibu kwamba tumeyasema kwanza mbele ya nafsi zetu. Maana sisi nasi tulisomeshwa kwa sadaka za sharika tusizozitumikia leo, na mwaka wetu wa kwanza baada ya kutoka seminari tulihubiri kwa maneno makubwa hata mama mmoja mkongwe akatushika mkono mlangoni, akatuambia, "Mwanangu Mchungaji, leo umehubiri vizuri, ila hukutuhubiri sisi." Neno lile lilitufundisha kuliko vitabu vingi.

Kisha likaja shauri la binti. Tuliwashauri wasimfunge kwa mkataba, bali wamwulize maswali mbele ya usharika kabla hajaenda: unakwenda kujifunza nini, na ni shida gani ya hapa unayoichukua moyoni? Tena tuliwakumbusha kwamba kusoma si lazima kuhama. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kufundisha mwaka 1994, kimewawezesha wengi kusoma hata shahada za juu huku wakiendelea na kazi zao kati ya watu wao. Anayesoma hivyo yumo katika shule mbili kwa wakati mmoja. Na hata kama kazi itamweka mbali, asihesabiwe kuwa amepotea. Mwana wa Handeni aliye mganga katika hospitali ya Bombo kule Tanga awatibu watu wa Handeni wafikapo. Lililo baya si kukaa mbali. Baya ni kusahau.

Nao wazee wakaahidi jambo moja lililo zito kwao. Waliahidi kwamba binti huyo akirudi atapewa kiti katika baraza, na hesabu zitasomwa mbele yake na mbele ya watu wote. Yule mzee aliyemcheka kijana alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza kama twaweza kumpelekea barua Dar es Salaam. Tulimwambia twaweza. Akasema aandikiwe kwamba ameitwa.

Jumapili iliyofuata kapu lilipitishwa kwa ajili ya binti. Hatutawaficha kweli: halikujaa kama lile la kwanza. Moyo uliojeruhiwa hutoa polepole. Wako walioliacha lipite pasipo kutia kitu, nasi hatuwalaumu. Lakini lilipita toka mkono hata mkono, likatosha ada ya mwanzo.

Nanyi, walimu wa Injili, mlio karibu na watu kuliko sisi, twawaomba mlitafakari jambo hili katika sharika zenu. Mkimwona mtoto mwenye akili, msimwambie tu, "Soma, upate kuwa mkubwa." Mwambieni ni nani anayemngoja. Na mkimwona aliyerudi, msitazame kwanza viatu vyake na usemi wake. Mpeni kiti, naye na akae siku tatu akisikiliza. Mungu, ambaye amana yote ni yake, atupe wote uaminifu mpaka siku ya hesabu. Amin.